Jinsi ya kutengeneza komiki ya fumbo kuhusu viumbe wanaosumbua saiti ya ujenzi, kuanzia karatasi tupu

Komiki yangu ya kwanza ya viumbe niliiua mwenyewe ukurasa wa 9. Nilikuwa nimemaliza wiki mbili nachora kiumbe tu, meno, makucha, mgongo wa miiba, yaani alikuwa anatisha kweli, afu nikamtupia kwenye jengo linalojengwa kwa sababu mabomba na vivuli vinapendeza kuchora. Nikafika ukurasa wa 9, mlinzi kwenye stori anauliza "sasa hawa wanatafuta nini hapa?" na mimi mwenye stori sijui. Kiumbe angeweza kuwa shuleni, melini, popote pale, saiti ilikuwa pazia tu la nyuma.

Tangu hapo nafanya kinyume, saiti kwanza, kiumbe mwisho. Mwongozo huu unaenda hivyo hivyo na nitatumia stori moja ya mfano toka mwanzo hadi mwisho, we ukishaelewa mashine inavyozunguka utaweka vyako. Unahitaji karatasi, penseli, kalenda na uvumilivu. Tableti ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo hujakosa kitu.

Hatua ya 1: chora ramani ya saiti

Nyumba chakavu yenye mizimu imekaa tu, jana kama leo. Saiti haikai. Ngazi ya mbao iliyokuwepo asubuhi jioni imeshahamishwa, ukuta unaota pale palipokuwa na njia, shahidi anasema "alisimama pale" na hiyo "pale" wiki hii ni chumba kilichozibwa. Hii ndo zawadi kubwa ya mada hii na watu wengi wanaiacha mezani. Sehemu ya tukio inajifuta yenyewe, tena kihalali, kwa ratiba, na mafundi wanalipwa kuifuta.

Kwa hiyo chukua karatasi kubwa, chora saiti kama ndege anavyoiona: fensi, geti, kibanda cha mlinzi, stoo ya saruji, rundo la mchanga, rundo la kokoto, tangi la maji, sehemu wanapokatia nondo, mixa, kreni, jukwaa la mabomba, na jengo lenyewe. Weka alama taa kubwa za usiku ziko wapi na giza linaanzia wapi. Weka mshale wa kaskazini na mwingine wa upepo, huo wa pili utaniuliza kwa nini, subiri hatua ya 4. Ukimaliza chora jengo kwa ubavu mara tatu: lilivyo mwanzo wa stori, katikati, na mwisho. Mfano wangu unaanza slabu (sakafu ya zege) ya ghorofa ya kwanza inataka kumwagwa, unaisha ya tatu imeshakauka.

Bandika ramani ukutani. Kila paneli (kisanduku kimoja cha picha) utakayochora jiulize kamera imesimama wapi kwenye ramani hiyo. Usipofanya hivi utakuja kuchora kreni kushoto ukurasa wa 5 na kulia ukurasa wa 12, na kwenye stori ya fumbo msomaji hatadhani umekosea, atadhani umempa dalili.

Hatua ya 2: tengeneza kalenda ya zege

Hapa ndo penyewe, soma taratibu. Zege lina saa yake na hiyo saa haidanganyi, ndo maana linafaa kwenye fumbo kuliko shahidi yeyote. Likishakorogwa unalo muda mfupi, kama saa mbili hivi za kulifanyia kazi vizuri, afu linaanza kushika, na zikipita saa kumi hivi huwezi tena kuacha alama ya mguu hata ukiruka. Joto linaharakisha, baridi inachelewesha. Baada ya hapo linatakiwa kubaki na unyevu, mafundi wanalimwagilia na kulifunika magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7 angalau. Nguvu yake huwa inapimwa siku ya 28, ila siku ya 7 tayari limefika kama theluthi mbili.

Ona umepata nini bure. Alama ya mguu kwenye slabu inakuambia mtu au kitu kilipita saa ngapi. Magunia mabichi yanakuambia kuna maji juu kabisa ya jengo kwa wiki nzima. Na kitu chochote kilichofichwa ndani ya zege kinakuwa siri ya milele mpaka mtu avunje.

Sasa andika mzunguko wa ghorofa moja: mafundi wanafunga nondo, injinia anakuja kukagua, kesho yake zege linamwagwa, wiki ya kumwagilia inafuata, wanapanda juu, wanaanza upya. Kwenye mfano wangu ukaguzi ni tarehe 8 na zege tarehe 9, afu ukaguzi tena tarehe 22 na zege tarehe 23. Andika kwenye kalenda kabisa. Hizo tarehe nne ndo uti wa mgongo wa kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 3: amua jibu, usianze bila jibu

Una njia tatu. Kwanza viumbe ni watu waliojifunika, hii imechakaa, msomaji anakisia ukurasa wa 2. Pili viumbe ni wa kweli na basi, hiyo ni stori ya kutisha, siyo fumbo, hakuna cha kutegua. Tatu, ambayo naipenda kuliko zote, kuna mafumbo mawili yamesukwa pamoja na kila mtu pale saiti anadhani ni moja.

Mfano wangu ni hivi. Usiku wa kuamkia siku ya zege kuna watu wanapanda juu, wanakata waya wa kufungia na kuchomoa nondo moja kwa kila mbili kwenye kona ya mbali ya slabu. Injinia ameshakagua, asubuhi zege linafunika, hakuna atakayejua. Na baada ya siku ya zege, ndani ya zile siku 7, kuna viumbe wa kweli wanapanda kunyonya maji kwenye magunia mabichi. Wezi wanaiba kabla, viumbe wanakunywa baada. Wezi walisikia tetesi za viumbe wakaona wamepata kinga, wakaanza kuzichochea.

Daftari la mlinzi lina usiku wa tarehe 8, 10, 12, 22, 24 na 27. Ukisoma hivyo ni fujo tupu. Chora mstari kwenye tarehe ya zege, mara fujo inagawanyika: 8 na 22 upande mmoja, nyingine zote upande wa pili. Hiyo ndo paneli ya kutegua, unaiona kichwani tayari? Mtu anachora mistari miwili kwenye daftari chakavu na stori nzima inapasuka katikati.

Hesabu ndogo ili wizi wako usiwe wa kitoto. Uzito wa nondo kwa mita unaupata ukichukua kipenyo cha milimita, unakizidisha chenyewe kwa chenyewe, unagawa kwa 162. Nondo ya 12 inatoka kama kilo 0.89 kwa mita, ya urefu wa mita 12 ni kilo 10.7. Wakichomoa 40 ni zaidi ya kilo 420. Hizo hazishuki mabegani kimyakimya usiku mmoja, wanahitaji kreni. Na ukishasema kreni umejipa dalili nzuri kuliko zote kwenye komiki hii.

Hatua ya 4: panda dalili

Ronald Knox, padri Mwingereza aliyekuwa anaandika stori za upelelezi, mwaka 1929 aliweka amri kumi za hiyo kazi. Moja inakataza nguvu za kimizimu kabisa, hiyo sisi tunaivunja makusudi. Lakini kuna ile inayosema mpelelezi asipate dalili ambayo msomaji hajaonyeshwa, hiyo usiiguse. Msomaji wa komiki ana haki ya kurudi nyuma na kuikuta, tena imechorwa wazi.

Uzuri wa komiki ni kwamba unaweza kuchora kitu waziwazi na mtu asikione, kwa sababu jicho linafuata maputo ya maneno. Weka dalili upande mmoja wa paneli, weka puto lenye maneno matamu upande wa pili, na sura ya mtu anayelia au anayecheka karibu na puto. Jicho linaenda kwenye sura, linasoma puto, linahama. Dalili imepita mlangoni mchana kweupe.

Kreni sasa. Kreni za mnara zikimaliza kazi, breki ya kuzungukia inaachiwa makusudi ili mkono ugeuzwe na upepo, ukiufunga upepo mkali unaweza kuiangusha. Kwa hiyo kreni kuzunguka yenyewe saa nane za usiku bila mtu ni jambo la kawaida kabisa ila kwa asiyejua inatisha vibaya mno. Mwanzoni mwa stori mlinzi anaiona, anakimbia, opereta anamcheka na kumweleza kwamba mkono unaelekea kule upepo unakokwenda. Msomaji anapumua, anaona hilo limeisha. Kurasa kadhaa mbele unachora usiku mwingine: neti iliyochanika kwenye jukwaa inapepea kulia, mkono wa kreni umeelekea kushoto. Husemi neno. Kwenye riwaya ungelazimika kuandika hiyo sentensi na sentensi ingejiuza yenyewe, kwenye komiki ni mistari miwili tu ya wino.

Dalili ya mguu: mpelelezi wetu (saidia fundi, utakutana naye hatua ya 5) jana alitembea juu ya wavu wa nondo bila shida, nafasi kati ya nondo na nondo ni milimita 150, buti linakaa juu yake vizuri. Asubuhi ya zege anapita kona ya mbali, nafasi imekuwa milimita 300, mguu unapenya, anaanguka, wenzake wanacheka. Ifanye iwe paneli ya kuchekesha. Kicheko ni blanketi zuri sana la kufunika dalili.

Nyingine fupi fupi: vipande vya waya vilivyokatwa sakafuni, magunia yaliyoloweshwa jioni yamekauka alfajiri wakati usiku ulikuwa wa baridi, alama moja ya kiganja kipana kwenye kiraka cha zege kilichomwagwa jioni ile. Na ile ya macho: mhalifu anapotisha wenzake anasema viumbe wana macho mekundu, wakati waliowaona kweli wote wanasema hawana macho. Kila dalili kubwa iguse mara mbili, ya kwanza kwa siri, ya pili karibu na mwisho kwa uwazi kidogo.

Usisahau vitisho vya uongo, ila chukua vya kweli vinavyotokea saiti, usibuni. Bomba la jukwaa lililo wazi mwisho linapiga mluzi upepo ukipita, kama chupa. Chuma kikipoa usiku kinasinyaa na kulia, bomba la mita 6 likipoa nyuzi 20 linapungua kama milimita 1.4, kwenye jukwaa zima hiyo ni milio na mibofyo kila upande. Zege jipya linatoa joto lenyewe, asubuhi ya baridi linafuka mvuke kama linapumua. Kuna wale bundi wenye uso mweupe, hawalii kwa kuguna, wanapiga kelele kama mtu anachinjwa, na mabawa yao hayatoi sauti. Tena mwaka 1998 mhandisi Mwingereza Vic Tandy na mwenzake Tony Lawrence walichapisha kisa cha maabara iliyosemekana ina mzimu, watu wanahisi kuna mtu, mwenyewe akaona kitu cha kijivu pembeni ya jicho, kumbe ilikuwa feni inayotoa mtetemo wa chini wa kama hezi 19, yaani mara 19 kwa sekunde. Feni au mashine kubwa inayounguruma usiku ni kisingizio tosha. Tumia viwili au vitatu tu, ukiviweka vyote inakuwa somo la sayansi.

Hatua ya 5: watu

Wachache. Sita wanatosha na kila mmoja aone kipande chake tu. Mlinzi anaona usiku ila yuko chini getini. Opereta wa kreni anaona kila kitu toka juu ila mchana. Fundi nondo anajua alifunga ngapi. Injinia anajua karatasi zinasema nini. Msimamizi anajua ratiba yote, na ndo mhalifu wetu, mwonyeshe mapema kabisa akiwa mtu mwema anayesema "usiku wa kabla ya zege msilale huku juu, hao viumbe wana hasira", na ukurasa wa 3 ofisini kwake, nyuma ya bega, kuna leseni ya zamani ya kuendesha kreni imening'inia ukutani kwa fremu iliyopinda.

Mpelelezi nashauri awe saidia fundi, dada mmoja mdogo wa mwili anayebeba ndoo na nondo siku nzima. Siyo kwa sababu inapendeza, kwa sababu kazi yake inampitisha kila sehemu, hakuna anayemwangalia, na mwili wake unajua vitu ambavyo injinia anavijua kwa karatasi. Mguu wake ndo uliopenya. Angalia wanavyoitana pia: yeye anamwita fundi nondo "fundi", mlinzi "mzee", injinia anaitwa "injinia" bila jina, na msimamizi anamwita yeye "we mtoto" mpaka ukurasa wa 21, pale anapomwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza kwa sababu ameogopa.

Hatua ya 6: sasa ndo kiumbe

Umechelewa kufika hapa na hiyo ndo raha yake, kwa sababu kiumbe amejichora mwenyewe. Anakunywa maji ya kwenye magunia, basi ana viganja vipana vya kukandamiza gunia. Anapanda jengo lisilo na ngazi, basi mikono mirefu. Anatembea usiku kwenye giza totoro, basi macho ya nini? Ngozi imekauka na kupasuka kama saruji iliyomwagika na kuachwa juani, akishakunywa mipasuko inaziba. Hiyo ya mwisho ni muhimu maana inakupa sura mbili, mwenye kiu na aliyeshiba, na msomaji ataanza kumwonea huruma bila wewe kumwambia.

Mjaribu kwa kumpaka wino wote, kivuli tupu, afu mpunguze awe mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukimtambua bado, umemaliza. Usipomtambua, punguza mapambo.

Afu fanya hila hii: tafuta vitu vya saiti vinavyofanana na kivuli chake. Nondo zinazochomoza juu ya nguzo ni vidole. Gunia lililoning'inizwa kwenye mti ni mwili. Kofia ngumu juu ya kigingi ni kichwa. Vichore mapema mchana kweupe, mara mbili tatu, mpaka msomaji avizoee. Usiku ukifika hatajua anaangalia nondo au mkono, na hata wewe usimjibu kila mara.

Mwonyeshe kiumbe mzima mara moja tu, ukurasa mzima, baada tu ya nusu ya stori. Kabla ya hapo kiganja, mgongo, kivuli kwenye neti.

Hatua ya 7: gawa kurasa

Kama utachapa na kubana pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, kwa hiyo 24 ni namba nzuri ya kuanzia. Kwenye kitabu ukurasa wa 1 uko kulia, namba witiri zote kulia, shufwa zote kushoto. Msomaji akifunua, kitu cha kwanza kukutana nacho ni wa kushoto. Basi mshtuko wote uweke mwanzo wa ukurasa wa namba shufwa, na paneli ya mwisho ya ukurasa wa witiri unaoutangulia iwe swali, mtu anageuka, mkono unagusa kitu kibichi, taa inazima. Ukiweka mshtuko ukurasa wa kulia jicho litauona kabla ya wakati wake na kazi yako yote imekwenda.

Mgawanyo wangu wa mfano: 1 hadi 4 saiti mchana na watu wote, 5 mlinzi anaona kreni, 6 inazunguka, 7 hadi 11 zege la kwanza, mguu kupenya, magunia, alama ya kiganja. Ukurasa wa 12 na 13 vimekaa pande mbili ukifungua katikati, weka picha moja kubwa ya jengo usiku na ndani yake ficha viumbe watatu, wengi watamwona mmoja. 14 kiumbe mzima. 15 hadi 19 zege la pili, neti na kreni vinapingana, daftari. 20 mistari miwili kwenye daftari. 21 hadi 23 kumnasa msimamizi akiwa juu. 24 nitakuambia baadaye.

Kama ni ya kusoma kwenye simu kwa kuteremsha, sahau kushoto na kulia, tumia nafasi tupu. Paneli ya mtu anatazama juu, afu nyeusi tupu ndefu, ndefu, kidole kinateremsha kinateremsha, afu kiganja.

Kabla ya kuchora vizuri, chora kurasa zote 24 zikiwa ndogo, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, watu wa vijiti. Inachukua siku moja au mbili na inaokoa mwezi. Paneli 4 hadi 6 kwa ukurasa, ukizidisha 7 usiku wako utakosa hewa.

Hatua ya 8: maneno na sauti

Kiswahili kina tabia yake kwenye puto. Neno moja kama "hawatatuonyesha" linabeba sentensi nzima, kwa hiyo maneno ni machache ila marefu, na puto jembamba linayakata vibaya. Chora puto pana, andika maneno kwanza afu ndo uzungushie mstari, usifanye kinyume. Ukilazimika kukata, kata kwenye silabi, hawata-tuonyesha, silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu kwa hiyo hukosi pa kukatia. Mi sizidishi maneno 20 kwa puto moja.

Sauti sasa, na hapa sielewi kwa nini watu wanaandika BOOM na CRASH wakati tuna tanakali zetu na zinasema zaidi. Kitu kikianguka majini ni chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, kwenye sakafu ngumu pa. Umeona? Sauti yenyewe inasema kimeangukia wapi. Yaani hiyo ni dalili. Usiku wa tarehe 8 chora PA! PA! kubwa toka juu, hiyo ni buti kwenye mbao kavu. Usiku wa tarehe 10 andika TAPWI... TAPWI... toka juu pale pale, magunia yameshalowa chepechepe na kitu hakina viatu. Mlinzi anaandika kwenye daftari "wamekuja tena", kwake ni kitu kimoja. Msomaji mwenye sikio atajua ni vitu viwili kurasa kumi kabla ya mpelelezi. Maji yanadondoka ndo, ndo, ndo, na kimya ni jii, andika JII ndogo kabisa katikati ya paneli nyeusi, inatisha kuliko mayowe.

Hatua ya 9: penseli na wino

Chora kwenye A4 kama utachapa A5, uwiano ni ule ule na ukipunguza makosa yanajificha, ila mstari nao unakonda mpaka asilimia kama 70, kwa hiyo usitumie kalamu nyembamba mno. Programu ikiwa ya kwenye tableti fungua A5 ikiwa na milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, yaani 154 kwa 216, na kwa nyeusi na nyeupe tumia dpi (nukta kwa inchi) 600, inakuwa pikseli kama 3638 kwa 5102. Ya rangi dpi 300 inatosha. Maneno yakae mbali na ukingo, milimita 5 hivi ndani ya mstari wa kukatia.

Usiku usiupake wote mweusi, hilo ni kosa la kila mtu, mi pia. Chagua taa moja kwa kila paneli, tochi au taa kubwa au mwezi, afu paka nyeusi kile ambacho hiyo taa haifiki. Mabomba ya jukwaa ni rafiki yako, mistari ya wima na ulalo inayokata mwanga vipande vipande, chora kwa rula mara moja afu yapitie tena kwa mkono ili yasiwe yamekufa. Kimo kionyeshe kwa kuangalia chini: buti linaning'inia mbele kubwa, chini kabisa mixa ni ndogo kama kikombe. Mchana weka nyeupe nyingi na vumbi, ili usiku ukirudi uwe na kitu cha kula.

Hatua ya 10: ukurasa wa 24, afu jaribio

Mhalifu ameshikwa, nondo zimepatikana, kona mbovu imevunjwa na kumwagwa upya. Fumbo la kibinadamu limeisha. Viumbe je? Jengo likiisha hakuna zege bichi tena, hakuna magunia. Mi ukurasa wa mwisho nimeuweka hivi: jengo limekamilika, safi, limepakwa rangi, chumba cha kuogea ghorofa ya juu, hakuna mtu, bomba halijafungwa vizuri, ndo, ndo, ndo, na kwenye kioo alama ya kiganja kipana. Mpelelezi hayupo, mlinzi hayupo, hakuna puto hata moja.

Jaribio lifanye mara mbili, ukiwa na michoro midogo na tena kabla ya kuipeleka kuchapwa. Wape watu watatu wasiojua chochote kurasa 1 hadi 19, zichukue, waulize nani na kwa nini. Wote watatu wakijua, dalili zimekaa juu mno, sogeza puto karibu na sura. Hakuna hata mmoja anayehisi, umeficha mno, ongeza paneli moja ya vile vipande vya waya. Unayemtaka ni yule anayesema "msimamizi ananikera ila sijui kwa nini". Afu mpe zilizobaki na unyamaze, usimwelekeze chochote. Akimaliza ukurasa wa 24 na kurudi mwenyewe nyuma kutafuta ile neti iliyochanika, peleka kwa mchapaji.